Fundi bomba aliyekuja baada ya dari la sebule kudondoka: maoni yangu baada ya miezi mitano

Nimekuwa nikisema ntaandika ntaandika, leo ndo nimekaa niandike, maana wiki iliyopita jirani yangu kaniita nimwangalizie doa kwenye dari la chumba cha watoto wake na nilivyoliona tu moyo ulinipiga paa. Doa rangi ya chai ya rangi, katikati limepauka, pembeni lina mstari uliokolea kama ramani. Mimi lile doa nalijua. Nilikaa nalo miezi minane kwenye sebule yangu nikawa nalitazama kila nikikaa kwenye kochi, ndo maana nataka kumwongelea huyu fundi aliyekuja kutuokoa, alichofanya vizuri, alichokosea, na alichotutoza.

Jina lake na namba sitaviweka kwasababu sijamwomba ruhusa. Ni mzee wa makamo, anafanya kazi za bomba maeneo ya huku kwetu Tabata, anatembea na baiskeli na kijana mmoja wa kumsaidia.

Nyumba yetu ni ya kawaida tu, vyumba vitatu, bati juu, dari la jipsamu, na simtank la lita 1,000 limekaa kwenye mnara wa tofali nyuma ya jiko. Bomba la kutoka kwenye tenki lilikuwa linaingia darini, linakatisha juu ya sebule yote ndo linashuka chooni na jikoni. Wakati tunajenga hatukuuliza kwanini lipite huko, fundi wa wakati ule alisema ndo njia fupi na sisi hela ilikuwa imeisha tukaona sawa.

Doa lilianza mwezi wa nne mwaka jana, katikati ya masika. Sasa masika ya Dar mnayajua, ukiona maji darini unasema nini? unasema bati linavuja. Tukaita fundi, akapanda juu ya paa, akapaka lami kwenye misumari upande wote ule, akachukua 60,000 yake akasema mama hapa umemaliza. Darini hakuingia, hata kichwa hakuingiza, na sisi hatukumwambia aingie. Mvua zikaisha. Doa likakauka kidogo, mume wangu akanunua rangi akapaka juu yake, likapotea kabisa tukasahau.

Mwezi wa nane likarudi.

Hapa ndo naomba mnisikilize vizuri kwasababu ndo kosa lenyewe lilipo. Mwezi wa nane Dar hakuna mvua, jua linawaka, vumbi mpaka kwenye vyombo, na doa linakua. Tuliliona wote. Nilisema labda ni unyevu wa masika bado unatoka, mume wangu akasema labda rangi haikushika vizuri. Kila mtu alikuwa na labda yake na hakuna aliyeweka ngazi akapanda. Kulikuwa na harufu pia, harufu ya udongo mbichi ukiingia asubuhi kabla hujafungua madirisha, nikawa nasema ni zulia, nikalitoa zulia nje likakaa juani siku mbili, harufu ikabaki palepale.

Na wale wanaosema ukiwa na bomba linavuja utaona kwenye bili, sisi bili haikutuambia kitu. Huyu fundi alikuja kunipigia hesabu baadae nikaelewa. Tone moja kila sekunde, kwa siku nzima ni kama lita nne. Kwa mwezi lita 120. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, kwahiyo hata ukijumlisha miezi minane hiyo haifiki uniti moja, utaionaje sasa kwenye bili ya familia ya watu sita? Haionekani. Lakini lita nne kila siku juu ya jipsamu ni kitu kingine kabisa, nyingine zinakauka kwa joto la bati, nyingine zinanyweka kwenye mbao, nyingine zinalowanisha bodi taratibu mpaka skrubu inakuwa haina kitu cha kushika.

Ilikuwa jumamosi mwezi wa kumi na moja, saa nne usiku. Mwanangu wa mwisho alikuwa amelala kwenye kochi lile la chini ya doa, nikamwamsha aende kitandani, akagoma, nikambeba. Hazikupita dakika kumi. Tukasikia kishindo kama lori linamwaga kokoto. Tulivyotoka tukakuta bodi mbili za jipsamu ziko juu ya makochi na tivii, vumbi jeupe, na maji yanamwagika kutoka juu kwa kasi, siyo matone tena, ni maji ya bomba lililokatika, yanapita kwenye waya wa taa na taa bado inawaka. Hadi leo nikikumbuka lile kochi na mtoto naishiwa nguvu.

Mume wangu alikimbilia mein swichi kwanza akazima umeme wote, hilo namshukuru Mungu alikumbuka, kwasababu mimi nilikuwa nishaanza kukanyaga maji niende kuokoa tivii. Jamani msifanye hivyo. Umeme kwanza, vitu baadae. Tukawa kwenye giza na tochi za simu, akaenda nyuma kufunga geti valvu ya tenki, ilikuwa imeshika kutu, akalazimisha, kile kigurudumu kikawa kinazunguka bure, ndani kimekatika. Kwahiyo tenki zima likashukia sebuleni kwetu. Lita elfu moja. Bahati usiku ule maji ya DAWASA yalikuwa hayatoki, la sivyo boya lingefunguka tenki likawa linajazwa huku linamwagika mpaka asubuhi. Majirani walikuja na ndoo na mipira ya kusukumia maji, mpaka saa nane usiku tunasukuma maji nje, vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilikuwa droo ya chini ya kabati vikalowa, nikavipanga kimoja kimoja katikati ya magazeti. Kimoja wino umetawanyika.

Basi jumapili saa moja asubuhi jirani akanipa namba ya huyu mzee. Nikampigia, akasema saa mbili niko hapo. Alikuja saa nne kasoro. Hilo naliandika kwasababu maoni ya kweli yana pande zote, na baadae nikaja kujua ndo tabia yake, akikwambia saa mbili wewe panga ya saa nne.

Ila alivyofika nilijua huyu ni mtu wa kazi. Nikamsalimia shikamoo fundi, akaitika marahaba mama poleni sana, kitu cha kwanza akauliza umeme umezimwa? Nikasema tumezima. Akaenda akahakikisha mwenyewe. Hakutoa spana, hakutaja bei, aliomba kiti akakaa akaniuliza maswali. Doa lilianza lini, lilikuwa linakua wakati wa mvua au hata jua, mlipaka nini, nani alikuja kabla yangu, una picha? Nilikuwa na picha ya bethidei ya mtoto mwezi wa tisa doa linaonekana nyuma, akaiangalia muda mrefu. Akasema mama hili halijawahi kuwa la mvua.

Akapanda, halafu akaniita na mimi nipande niangalie. Hii ndo kitu imenifanya nimpende, hakutaka nimwamini tu mdomoni. Akanimulikia tochi pale bomba la plastiki, hizi za PPR, lilipoungana na kipande cha bomba la chuma kinachotoka ukutani. Pale kwenye kiungo kulikuwa na chumvi nyeupe imeganda tabaka juu ya tabaka, akasema ona hii, hii ni maji yanatoka yanakauka, yanatoka yanakauka, haikuanza jana wala juzi. Kile kiungo kilikuwa cha plastiki tupu, hata nyuzi zake za kukazia ni plastiki, hakina shaba ndani, na aliyefunga alizungusha tredi tepu, ule utepe wa kuzibia kiungo, nyingi mno halafu akakaza kwa nguvu zote, plastiki ikapata ufa mwembamba kama unywele. Huo ufa ndo ulikuwa unatoa tone. Na bomba lenyewe lilikuwa limelala tu juu ya mbao, zaidi ya mita nne hakuna hata klipu moja ya kulishika.

Akanieleza kitu sikuwahi kukiwaza. Bomba la plastiki linarefuka likipata joto na linajivuta likipoa. Chini ya bati mchana ni tanuri, usiku panapoa, bomba la mita nne joto likipanda nyuzi ishirini linarefuka zaidi ya sentimita moja. Kila siku linasukuma na kuvuta pale pale kwenye kiungo chenye ufa. Siku moja ufa ukafunguka wote. Na ndo maana jambo lililokaa miezi minane kimya likaisha kwa sekunde moja, bodi zilikuwa zishalowa zamani zinasubiri uzito tu.

Kuhusu malipo. Kuja kuangalia alinitoza 15,000, akasema nikimpa kazi inaingia humo humo kwenye hesabu. Ufundi 150,000 kwa siku mbili na kijana wake 30,000. Vifaa hakununua yeye, aliandika kwenye karatasi nikaenda dukani mwenyewe, bomba la PPR la robo tatu lile nene lenye alama PN20, viungo vyenye shaba ndani, klipu, yunioni, koki mbili za shaba za kugeuza kwa mkono, vyote vikawa 140,000 na kitu. Alisema akinunua yeye mteja anabaki na wasiwasi kwamba kuna cha juu, bora kila mtu ashike risiti yake. Mimi kwa hilo nampa alama zote.

Kazi yenyewe alifanya uamuzi mmoja ambao naona una thamani kuliko hela yote niliyompa. Alikataa kurudisha bomba juu ya sebule. Akasema bomba halina sababu ya kupita juu ya makochi yenu, akalitoa darini kabisa, akalipitisha ukutani kwa nje chini ya kenchi, likaingia moja kwa moja jikoni na chooni. Likivuja litalowanisha ukuta wa nje na nitaliona siku hiyohiyo nikianika nguo. Klipu kaweka karibu karibu, hata mita moja haipiti bila klipu, na kwenye kona kaacha nafasi ya kurefuka. Ile geti valvu mbovu akaitoa akaweka koki ya kugeuza chini ya tenki, na nyingine ndani jikoni chini ya sinki, akamwita mwanangu wa miaka tisa akamfundisha kuifunga. Akasema siku ya balaa baba anaweza kuwa safarini na mama yuko sokoni, huyu ndo atafunga.

Kisha akapima. Na hapa nilidhani anapoteza muda lakini ngoja niseme. Jioni ile aliziba matumizi yote, akachovya fito ndani ya tenki akaweka alama ya mkaa pale maji yalipofika, akafunga na maji ya kuingia, akasema msitumie mpaka nije. Asubuhi maji yako palepale kwenye alama. Akafungua, tukaenda kwenye mita nje, koki zote zimefungwa, kile kigurudumu kidogo chekundu kimetulia hakizunguki. Mwisho akaomba bluu ya kufulia. Nikashangaa bluu ya nini, akaiweka kwenye tenki la choo cha wageni, akasema msifleshi nusu saa. Tulivyorudi bluu ishaingia kwenye sinki la choo yenyewe bila mtu kugusa. Kumbe na kile choo kilikuwa kinapitisha maji chinichini na sisi hatujui. Akabadilisha mpira wa ndani, elfu tano tu, hakuongeza ufundi.

Sasa mabaya yake. Kuchelewa nimeshasema. Risiti hatoi, alinipa karatasi ya daftari yenye sahihi, kwa mtu anayetaka kudai bima au mwenye nyumba amrudishie hela hiyo karatasi haitamsaidia sana. Alipotoboa ukuta wa jiko alipasua tailizi moja na hakusema, niliiona mwenyewe wakati nafagia, nilipomuuliza akakubali hapohapo akapunguza elfu kumi lakini ningependa aseme kabla sijaona. Na uchafu aliuacha, vipande vya jipsamu na vumbi la ukuta vyote tulibeba wenyewe. Simu baada ya magharibi hapokei, ukipata balaa la usiku kama letu usimtegemee yeye, tegemea koki yako.

Kitu kingine kilichoniudhi sana wakati ule na sasa nakiona kingine. Nilikuwa nataka dari lirudi haraka, wageni wanakuja, ndugu wanataka kutupa pole halafu wanakaa wanatazama bati. Fundi jipsamu alishakuja na bodi yuko tayari kesho yake. Huyu mzee akamzuia. Akachukua bisibisi akachoma mbao za branda, zile zinazoshika bodi za dari, pale juu, ikaingia kama kwenye papai lililoiva. Akasema mbao mbili hizi zitoke, zilizobaki zikauke wiki mbili, mkifunika sasa hivi mnafungia maji ndani, ukungu na mchwa ndo watakaokaa humo. Tukagombana kidogo kusema kweli, mimi nimechoka, joto la bati mchana halivumiliki, vumbi linashuka kwenye chakula, watoto wanaogopa mijusi. Tulikaa wiki tatu bila dari. Fundi umeme naye akapata nafasi ya kuangalia waya wote ule, akakuta kiungo kimoja kimeingia maji kimeota kijani, akakikata akaunga upya. Hiki kingefunikwa na jipsamu mpya juu ya kichwa chetu.

Gharama zote kwa ujumla, fundi, vifaa, mbao, jipsamu, skimu na rangi, makochi kubadilisha sponji na kitambaa, tivii nyingine, zilipita milioni moja na nusu. Kile kiungo chenye shaba kilichotakiwa pale tangu mwanzo nilikinunua chini ya elfu kumi.

Alinifundisha na hili, sikulijua. Ukiona dari limeanza kufanya tumbo, limeshuka katikati, hilo lina maji yamekaa juu yake. Zima umeme, toa watu na vitu chini, funga maji, halafu toboa kitundu kidogo katikati ya lile tumbo kwa bisibisi ukiwa umesimama pembeni, ndoo ikiwa chini, maji yashuke kwa kitundu taratibu kuliko kushuka na bodi zima. Sisi letu lilikuwa limefanya tumbo siku kama nne kabla, mume wangu alilisema mezani, tukaendelea kula.

Sasa ni miezi mitano. Dari kavu, harufu imeisha kabisa, asubuhi nikiingia sebuleni nasikia harufu ya nyumba yangu. Kila mwanzo wa mwezi mwanangu anafunga na kufungua zile koki zisigande, anaifanya kama kazi yake ya ofisi. Mzee alipiga simu baada ya mwezi mmoja kuuliza, siyo kutafuta kazi, aliuliza tu mama maji yanakaaje, kigurudumu cha mita kinatulia?

Kwahiyo nilipoona doa la jirani nilimwambia leo leo mwite, usilale. Alhamisi mzee kaja, kachelewa kama kawaida yake, kapanda darini na tochi. Amekaa huko kama nusu saa. Aliposhuka akasema bomba lenu zima, kiungo kikavu, hakina chumvi, ila msumari wa bati umelegea na mbao imelowa kuanzia juu, hili lenu ni mvua kweli. Akachukua 15,000 yake ya kuja, akamwambia mtafute fundi paa, na asipake tu lami kwa nje, mwambieni aingie ndani aone maji yanakoanzia. Akapanda baiskeli akaondoka.